Mama Mkwe Alimpiga Mwanawe kwa Kasia Nikiwa Chini ya Maji

Admin, naomba uniwekee hii lakini jina langu lisionekane, kwa sababu watu wa kwetu wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nina watoto wawili, nimeolewa upande wa Ikonge huko kwenye majani chai. Zamani nikisoma visa vya wanawake wengine hapa nilikuwa nauliza, huyu anangoja nini? Sasa mtaniuliza mimi.

Mume wangu hanywi pombe. Kanisani ndiye anaongoza kwaya, na ukikutana naye utasema nimebahatika. Lakini ana wivu ambao siwezi kuueleza. Aliwahi kuning'oa jino kwa ngumi kwa sababu nilicheka na fundi wa stima, halafu kesho yake akanipikia uji akilia.

Mwaka huu familia kadhaa za kanisa tulipanga kutembea Homa Bay Jumapili moja, kwenda na kurudi. Wengi hatukuwa tumewahi kuona ziwa. Mama mkwe wangu, ambaye anaumwa goti, akasema hatakufa kabla ya kuona maji makubwa, kwa hivyo tukaenda naye. Tulianza Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kijani lenye flamingo, watu wakapiga picha mpaka simu zikazima. Tukaenda ufukweni tukala samaki. Nilikuwa na furaha, siwadanganyi. Mchana tukapanda boti kuvuka ghuba tuone kisiwa kidogo cha ndege.

Mwenye boti, mwanamume mtu mzima, alikuwa anashika kila mama mkono asianguke. Aliponishika, boti iliyumba nikacheka. Nilipoinua macho nikaona mume wangu ananiangalia, nikaacha kucheka.

Tulipofika, wenzetu wakamfuata mwenye boti nyuma ya mawe kuona ndege. Mama mkwe akabaki ameketi kwenye boti kwa sababu ya goti. Mume wangu akanivuta mkono, akaniambia polepole, "Ngoja kidogo."

"Baba Shantel, si hapa, watu wako," nikamwambia.

"Huyo ndiye ulikuja kuona?"

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni. Nikaanguka kwenye maji ya magoti, akanipiga teke la mbavu, kisha akanishika nywele akanizamisha kichwa. Akanitoa, akauliza tena, "Ndiye?" Kabla sijavuta pumzi akanirudisha. Mara ya tatu nilimeza maji na mchanga, nikasikia mikono yangu inalegea. Niliwaza watoto wangu tuliowaacha nyumbani, nani atawavalisha kesho.

Ghafla mkono wake ukaniachilia. Nikainuka nikikohoa damu, nikamwona mama mkwe amesimama ndani ya maji na kasia mikononi. Alikuwa amempiga mwanawe begani. Mume wangu akageuka na kumwinulia ngumi mama yake mzazi, naye akampiga tena kwa nguvu zote, kwenye mkono ule ule aliouinua. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mama alikuwa anapiga kelele kwa Kikisii, "Baba yako alinifanyia hivi nikanyamaza! Sinyamazi tena!"

Wenzetu walikuja mbio. Tulirudi na boti hiyo moja, mume wangu akilia kwa maumivu, mimi nikitema damu, na hakuna aliyeimba. Hospitalini wazee wa kanisa tuliokuwa nao wakasema mume wangu ameteleza kwenye mawe.

Nyumbani ndiyo mambo yakaharibika kabisa. Ndugu wawili wa mume wangu walisema mama amemwaga damu ya mtoto wake, lazima apige magoti aombe msamaha. Akakataa. Wakabomoa jiko lake, wakakata migomba yake yote, na mmoja akampiga ubapa wa panga mgongoni mpaka akaanguka. Mama mzee hivyo! Asubuhi yake nilibeba watoto nikamchukua, tukaja kupanga chumba Masimba. Nauza ndizi stendi, yeye anabaki na watoto.

Sasa mkono wa mume wangu umepona. Anapiga simu analia, anasema ameongea na pasta na hatanigusa tena. Anataka nirudi, lakini bila mama. Na Jumapili hii ukoo unakutana, wanataka nisimame mbele yao niseme mama alimpiga bila sababu, ili wamnyime kurudi kwa shamba lake la chai. Baba yangu mwenyewe ananiambia, "Rudi kwa bwana yako, watoto wanahitaji baba." Nikikataa, ndugu za mume wangu wamesema watakuja kuchukua watoto kwa nguvu.

Nilimwambia mama mkwe ukweli wote. Akasema, "Mokamwana, mke wa mwanangu, ukienda sitakulaumu. Nami niliwahi kurudi."

Wapendwa, najua wengine mtasema ni rahisi. Lakini bado nampenda yule mwanamume, na naogopa kwamba nampenda. Saa hii mama yuko hapa karibu anachambua mboga za chinsaga na Shantel, hajui nawaandikia. Nikisimama mbele ya ukoo Jumapili, nifungue mdomo niseme nini? Nishikeni mkono kwa mawazo yenu, matusi hapana.