Slaidi Iliyomfanya Mama Kabula Mjane

Kosa ni langu, na nataka mlijue hilo kabla sijaanza kujieleza. Nilimzika baba wa rafiki yangu akiwa hai, kwa kompyuta ya shule, kwa sababu nilitaka wenye hela watuonee huruma.

Mimi si msemaji. Nipo kidato cha tatu hapa Shinyanga mjini, na nikiulizwa swali darasani najibu huku natazama dawati. Kuandika ndiko ninakoweza.

Rafiki yangu namwita Kabula, siyo jina lake. Alikuwa anaishi Ngokolo, hapahapa mjini, kwa shangazi yake, lakini kwao ni Runzewe, upande wa Geita. Mama yake anatengeneza matobolwa, yaani viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vikauke. Wanunuzi wake ni wachimbaji wa dhahabu. Mtu akishuka nayo duarani, kwenye lile shimo lao, anatafuna, anashushia maji, siku inakwenda. Baba yake Kabula naye ni mchimbaji, alikuwa na nafasi yake kwenye duara moja kule Geita.

Mvua ikizidi, matobolwa yanaota ukungu na mama anayatupa. Hapo ndipo mimi na Kabula, tukiwa klabu ya ujasiriamali, tukapata wazo la kujenga kaushio la jua na kuyafunga kwenye mifuko yenye nembo. Tukasikia wawekezaji wanakuja Kahama kusikiliza vijana. Tukagawana kazi: Kabula mdomo anao, ataongea, mimi nitatengeneza slaidi.

Nilizitengeneza vizuri, sijisifu. Tatizo ni nini, tutalitatuaje, wateja ni akina nani, tunaomba nini. Ya kwanza ilikuwa na picha ya Mama Kabula ameinamia ungo, na chini yake: "Mvua ikinyesha, kazi ya mama huyu inaoza."

Nikampelekea mwalimu wa klabu. Akaguna.

"Haiumi," akasema.

"Inatakiwa iumeje, mwalimu?"

"Wale watasikiliza vikundi kutwa nzima. Wape kitu kiwakabe koo. Huyu mama hana shida nyingine?"

Maneno yale yaliniganda. Nikaangalia video za watu wanaofundisha kuomba mtaji, nao wanasema hivyohivyo: anza na mtu mmoja mwenye maumivu. Kwenye ile picha Mama Kabula alikuwa amejitanda kitenge kichwani kwa sababu ya jua, macho chini. Usiyemjua ungedhani yuko msibani. Nikafuta sentensi yangu. Nikaandika: "Mjane. Mumewe alifukiwa duarani."

Kabula aliniuliza, "Umebadilisha kitu?"

Nikamwambia rangi tu.

Kahama, Kabula alisimama ameupa mgongo ukuta unaoonyesha slaidi. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nabonyeza. Aliongea vizuri jamani. Slaidi ya kwanza ikiwa bado ukutani, akatupia na utani: "Mteja msumbufu kuliko wote ni baba yangu. Anakula, halipi, halafu anaomba nyongeza." Badala ya kucheka, watu wakaangaliana.

Mama mmoja kati ya wawekezaji akanyoosha mkono. "Kwanza pole na msiba, mwanangu."

"Msiba upi, mama?"

"Wa baba."

Kabula akageuka, akasoma ukutani. Halafu akanitazama.

"Samahani mama, baba yangu hajafa."

"Sasa haya ameandika nani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikainamia kibodi kana kwamba kuna kitufe kimekwama. Kabula akaningoja. Alipoona sisemi, akasema, "Tumeandika wote wawili, mama." Alinibeba, na mimi nikakubali kubebwa.

"Mngeniletea viazi tu ningewasikiliza," yule mama akasema. "Sasa sijui hata kama viazi vyenyewe vipo."

Yangeishia pale ningesema afadhali. Lakini mtu mmoja ukumbini alikuwa ameshapiga picha ile slaidi, akaituma WhatsApp na maneno ya kusikitika. Ikazunguka mpaka Runzewe. Mama Kabula alirudi kutoka sokoni akakuta majirani wametandika mikeka uani, wanawake wanalia. Akampigia mumewe, hapatikani, maana yuko chini duarani. Naye akakaa chini, akalia kilio cha kweli, mpaka mume alipopanda juu na kupiga mwenyewe, akiuliza kuna nini mbona anatafutwa na kila mtu.

Mtadhani wakafurahi, yakaisha. Wenzake wa duarani walimkataa. Walisema mtu aliyeliliwa akiwa hai ana mkosi, shimo limeshasikia jina lake, hawashuki naye. Nafasi yake akapewa mwingine. Akarudi nyumbani na begi lake, na haikuchukua muda Kabula naye akaitwa Runzewe kwa sababu anayemlipia shule hana kazi tena.

Nilimwambia mama yangu kila kitu, tukaenda wote kuomba radhi. Tulimkuta Baba Kabula mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kwenye arobaini yangu?"

Hakutabasamu. Nilikosa hata pa kuweka mikono.

Mama Kabula alitukaribisha ndani, akatupa maji. Akaniuliza taratibu, "Siku ile unanipiga picha, nilikuwa nalia?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Unachambua viazi. Unaimba."

"Si ungeandika hivyo, mayu, mwanangu?"

Kabula hakutoka chumbani. Nilimsikia anatembea ndani, akifika mlangoni anarudi.

Mwalimu wa klabu yeye anasema tulikosa kujiamini tu.

Wewe unayeandaa slaidi za kuombea mtaji, nisikilize. Kabla hujaweka sura ya mtu, kaa naye, umsomee kwa sauti ulichoandika chini ya picha yake. Ukiona huwezi kumsomea, futa. Na kama umeshachelewa, umeulizwa mbele za watu nani kaandika, jibu palepale, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilikuja kusema Runzewe, kwa watu waliokuwa wanajua tayari. Wale wa Kahama sina pa kuwapata. Mpaka leo wanajua Kabula ni mwongo.