Niliandika Jina la Kaka Yangu Ndani ya Mashine

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, hata rangi ya sahani iliyokuwa na skrubu. Nitakusimulia pole pole, nisije nikapiga kelele.

Najua watakaosema: huyu Kavira ana miaka ishirini na mitatu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika sketi, nasaha amezitoa wapi? Nasaha ni za wazee. Sawa. Wazee wangu wawili vita hii imewazika, wa tatu amekimbilia Uganda, na waliobaki wamezoea kusema kwa sauti ya chini ili askari wasisikie. Donc, kwa hiyo, nimejipa ruhusa mwenyewe. Asiyetaka asisome. Wewe, Masika wangu, hujajua kusoma bado, lakini karatasi hii utaikuta.

Babu yako alikuwa mfanyabiashara hapa Butembo. Safari yake ya mwisho ya Kampala alituletea mashine ya CD, nyeusi, na sanduku mbili za sauti. Mwaka uliofuata tukamzika. Mashine ikabaki sebuleni kama mtu wa nyumba. Lakini unajua kwetu hakuna umeme wa serikali. Tuliiwasha kwa grupu, jenereta ya jirani, na umeme wa grupu ni mchafu. Chini ya kila wimbo kulikuwa na mngurumo, nguuu, kama ng'ombe amefungiwa ndani ya sanduku. Wengine walizoea. Mimi nilishindwa.

Nilikuwa nimesoma miaka miwili Beni, kwa shangazi yangu. Nyuma ya nyumba yake alikaa Mzee Ramazani, Mwislamu, fundi wa redio. Siku moja nilitumwa kurudisha sahani ya mke wake, nikabaki pale mpaka shangazi akaja kunitafuta. Mzee hakuwahi kuniuliza msichana anataka nini na redio. Aliniuliza tu kama naona vizuri. Akanifundisha kushika fer, kile chuma cha kuchomelea nyaya, ambacho tulikipasha kwenye babula la makala, jiko letu la mkaa. Akanifundisha kusikiliza kabla ya kugusa, na kubadilisha kitu kimoja kisha kusikiliza tena. Na jambo moja hakulifanyia mchezo: kila fundi akifungua mashine, anakwaruza jina lake kwa msumari ndani ya kifuniko. Fundi atakayekuja baadaye ajue mkono wa nani umepita pale, na kama kuna kosa, ajue wa kumuuliza.

Niliporudi Butembo, na mita ndogo ya kupimia umeme aliyonipa Mzee, nikaifungua mashine ya Papa, babu yako. Nikapima kwanza. Nilipoona inataka umeme unaokaribiana na wa betri ya gari, nikakata nyaya zilizotoka kwenye transfo, ile inayopunguza nguvu ya umeme, nikaunga betri mahali pale. Nikaongeza kondensateri kubwa niliyoing'oa kwenye redio ya lori lililoungua, ili umeme utulie. Chini nikaweka vipande vya mpira wa tairi, ule ule wanaopigilia kwenye magurudumu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao, mashine isitetemeke na muziki wake yenyewe. Wiki mbili nilifanya, kitu kimoja kwa siku. Siku nilipomaliza, Mama aliacha sombe, majani ya muhogo, motoni akaja kusimama mlangoni.

"Ng'ombe ameenda wapi?" akauliza.

"Nimemufungulia, Mama."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kavira, nani anajua kama ni weye?"

"Hakuna mutu bado."

"Basi asijue. Bale ba Lubero banakuja kukuposa. Bakisikia bibi harusi anashindaka na fer mukononi kama mwanaume, mbuzi za mahari zitarudi njiani. Sema ni Kambale."

Kambale ni mjomba wako, kaka yangu mkubwa. Mikono yake inajua kupanga magunia ya maharage, na hakuna anayeyapanga vizuri kumshinda. Fer hakuwahi kuishika. Alikuwa pale pale, akainua mabega: "Miye sina shida. Semeni ni miye."

Na mimi, mwanangu, nilichukua msumari, nikakwaruza ndani ya kifuniko kwa herufi kubwa: KAMBALE. Hakuna aliyenishika mkono. Niliona ni jambo dogo la kuleta amani nyumbani. Wasichana wangapi hapa mjini wanafanya hivyo? Anayepiga hesabu ya duka ni dada, anayesifiwa ni kaka. Anayeandika barua ya ukoo ni dada, anayetia sahihi ni kaka. Tunaita hiyo adabu.

Tukaazimisha mashine kwa arusi moja Bulengera. Watu walisimama kusikiliza badala ya kucheza. Mama akapita meza kwa meza akisema, "Ni Kambale wangu, ni Kambale wangu." Siku ya tatu askari wanne wakaja. Komanda wao alikuwa amepita njiani siku ya arusi, akasikia. Wakafungua kifuniko kutafuta jina la fundi, wakalisoma, wakauliza: Kambale ni nani? Kaka yangu akasema, "Ni miye." Angesema nini? Wakamchukua.

Siku mbili hatukujua lolote. Siku ya tatu mama mmoja anayeuza ndizi kwenye kizuizi cha kambi, barabara ya Beni, akatuletea habari. Komanda anataka mashine yake itoe sauti kama yetu. Amesema: kama kijana ni fundi, atengeneze, kama si fundi, amemdanganya komanda, basi atavaa tenue, sare ya jeshi, na kupelekwa Eringeti kwenye mapigano.

Mama akakaa chini. Mimi nikaweka fer, mita na waya kwenye kikapu.

"Unaenda wapi?"

"Kusema ukweli."

"Na bale ba Lubero?"

Mwanangu, mama yangu nampenda. Lakini siku ile, mtoto wake yuko mikononi mwa askari, alikuwa bado anawaza mbuzi za Lubero. Nikabeba kikapu, nikatoka. Ningemjibu ningemkosea heshima mpaka leo.

Nilifika kambini jua liko juu. Usidhani nilikuwa jasiri.

"Yo nani?" askari wa kizuizini akauliza kwa Kilingala chake, yaani wewe ni nani. "Unatafuta nani hapa?"

"Kaka yangu. Fundi wa muziki."

"Fundi?" Akawageukia wenzake. "Eti fundi! Yule anaogopaka hata bisibisi!"

Komanda alikuwa kwenye kiti cha plastiki, ndala miguuni, taulo shingoni. Mbele yake Kambale ameketi juu ya kreti, macho mekundu, mashine imefunguliwa matumbo nje, skrubu kwenye sahani ya kijani. Aliponiona akafunika uso.

"Uyu fundi yenu," komanda akasema, "aliniambia mashine lazima ilale siku tatu kwanza, njo ifunguliwe. Nikangoja. Leo amefungua, na sasa haiseme hata nguuu. Kesho anavaa tenue."

"Komanda, uyu hajue kitu," nikasema. "Mashine ya kwetu ni miye niliitengeneza. Jina yake niliandika miye."

"Weye? Na iyi sketi?"

"Sketi haishike fer, komanda. Mikono njo inashika."

"Na sababu gani uliandika jina ya uongo?"

"Sababu batu ya kuniposa hawapende bibi mwenye kutengeneza mashine."

Wakacheka, mmoja mpaka akaegemeza bunduki ukutani ashike tumbo. Komanda alicheka pia, kisha akaninyooshea kidole. "Kama unadanganya, mutabaki bote wawili."

Nikaomba babula la makala na betri ya gari yao. Nikapima. Waya mmoja mwembamba Kambale alikuwa ameung'oa kwa bisibisi, nikaurudisha. Kondensateri nikaipata kwenye redio yao iliyokufa. Mpira wa tairi ulikuwa mwingi pale. Nilifanya kazi labda saa mbili, na hakuna aliyecheka tena.

Nilipofikia waya wa mwisho, nikaweka fer chini.

"Komanda, Kambale avuke kizuizi kwanza."

Hata mwanamke aliyekuwa akitwanga karibu na pale akasimamisha mchi.

"Unaniamuru?"

"Ninaomba. Lakini iyi waya, hakuna mutu hapa anajua inaingia wapi. Ni miye tu."

Nilitazama makala, maana ningemtazama usoni ningelia. Kisha komanda akapiga paja lake. "Uyu mutoto, ni mama gani alimuzaa! Muache kijana aende."

Kambale alikataa kunyanyuka. Nilimwambia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, aende, kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Akaenda. Nilimwona akivuka kizuizi, akipita kwa mama wa ndizi, akipotea kwenye kona. Ndipo nikachoma waya wa mwisho.

"Zimeni grupu," nikasema.

Kambi nzima ikawa kimya. CD ikazunguka, na gitaa likaingia, safi, mpaka ukasikia vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Komanda alifumba macho. Nikakusanya vitu vyangu.

"Kesho utarudi kuangalia betri," akasema bila kufumbua macho.

"Betri inachajiwa tu, komanda. Hata askari yako atafanya."

Nikatembea. Mgongo wote ulikuwa unawasha, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma mpaka leo. Nilikuta nyumba imejaa majirani, na kati yao mzee mmoja, mjumbe wa wale wa Lubero. Mama amemkumbatia Kambale, anaimba: "Mungu asifiwe! Mutoto wangu amebatengenezea, bamemuachilia!" Nikamtazama kaka yangu. Akatazama miguu yake.

Sikutua hata kikapu.

"Si Kambale," nikasema. "Kambale alikuwa ameiua mashine. Ni mimi niliitengeneza kule, na ni mimi niliitengeneza hii hapa. Nilidanganya, na uongo wangu ulikuwa unampeleka vitani."

Mjumbe akachukua kofia yake. "Tutaongea siku ingine," akasema. Siku hiyo haijafika.

"Umeniaibisha mbele ya batu," Mama akaniambia jikoni.

"Mama, kesho tungemulilia mbele ya batu bale bale."

Tulikaa wiki tatu bila kusemezana ila kwa mambo ya chumvi na maji. Kambale alikuja baadaye, akasimama karibu na moto. "Kule kambini," akasema, "nilikuwa naomba ukuje, na naomba usikuje." Nampenda kwa maneno hayo. Lakini mbele ya watu alinyamaza, na hilo nalo naliandika. Baba yako aliponioa alinikuta na fer mkononi, kwa hiyo asiseme hakujua.

Na kwa nini nakuandikia leo? Jana ulitengeneza tochi. Una miaka minne, ulisafisha vile vidude vyake vinavyogusa betri kwa mchanga, ikawaka. Shangazi yako akaichukua, akampa binamu yako, akasema mbele ya wote, "Muone, Paluku ametengeneza tochi!" Ukanyamaza. Ukatabasamu hata. Nikamwona yule msichana niliyekuwa mimi, na msumari mkononi, na damu ikanipanda kichwani.

Basi nasaha yangu ni hii, na siipambi. Kazi ya mikono yako usiipe jina la mtu mwingine, hata la kaka unayempenda, hata ili nyumba ipate amani. Sifa ukimpa, umempa pia swali ambalo hatajua kulijibu siku wenye bunduki wakimuuliza. Ukiharibu, sema nimeharibu. Ukitengeneza, sema nimetengeneza, kwa sauti ile ile. Mchumba atakayekimbia kwa ajili hiyo, mfungulie mlango asijikwae. Na wakikuambia unyamaze kwa heshima ya ukoo, waambie mama yako amekataa, waje waniulize mimi. Nipo Bulengera, siendi popote.

Mungu akupe macho yanayoona kitu kidogo, Masika, na masikio yanayosikia kilichojificha chini ya wimbo. Akukinge na barabara na wanaume wa barabara. Akuzeeshe kuliko wote tuliowazika, mpaka uwe bibi mwenye kelele. Na popote utakapoulizwa ni nani amefanya hivi, akupe pumzi ya kusema: ni mimi.