Ukuta wa Plaiwudi

Kwenye duka la shangazi yangu, Kariakoo, mteja hakuambiwa "hakuna." Akiulizia kitenge ambacho hatuna, nilitakiwa kusema, "Kipo mama, kaa kidogo," nimsogezee kigoda, nitokee mlango wa nyuma hadi kwa jirani, nichukue cha kwake na kurudi nacho kama kilikuwa stoo. Jirani naye alifanya hivyo hivyo kwetu. Kikiuzwa, kila mtu anachukua chake. Wateja wenyewe walijua, maana walituona tunavyohema.

Wala usidhani tulipendana. Shangazi na huyo mama jirani walichukiana tangu sijaanza kazi pale, na kisa chenyewe sikuwahi kukielewa. Shangazi akiamka vibaya alitundika mlangoni kanga ya "Hasidi hana sababu," imeelekea kwa mwenzake. Kesho yake mwenzake anatundika ya kwake. Siku kama hizo nilipita chini ya vijembe vyote hivyo, nikamwamkia shikamoo, akanipa kitenge na kuniambia, "Kamwambie shangazi yako roho mbaya haijengi." Ugomvi ulikuwa wao. Mteja alipata alichotaka akaenda zake.

Kisukari kilipomchosha shangazi, duka likafungwa, nami nikapata kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mikoani, ghorofani huko Kisutu. Nilianza kwa miezi ya majaribio. Niseme ukweli, kilichonipandisha zile ngazi kila asubuhi si cheo wala kiyoyozi. Ni bima. Mama yangu, tunaishi naye Magomeni, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, ananitambua kwa sauti. Ukishaajiriwa rasmi pale unapewa bima ya matibabu, na mzazi anaingia humo. Nilishaulizia mpaka siku za kliniki ya macho.

Ofisi yenyewe iligawanywa na ukuta wa plaiwudi. Huku Mauzo, kule Mizigo. Mauzo, nilikokuwa mimi, mkuu wetu alikuwa dada mmoja aliyenizidi miaka michache, mpole wa sauti. Mizigo, mkuu wao alikuwa mtu mzima ambaye wote tulimwita Mzee. Wiki yangu ya kwanza mteja aliuliza mzigo wake umefika wapi. Nikafanya nilivyozoea: nikapiga hodi upande wa pili, nikauliza, nikajibiwa palepale, nikarudi na jibu. Dada akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, hapa hatuendi kwao. Tukitaka kitu tunawaandikia barua pepe. Wasipojibu, tunabaki na ushahidi."

"Na mteja?"

"Mteja mwambie mzigo uko njiani."

Nikatii. Kilichonisumbua ni kwamba usoni hawakuoneshana chochote. Wanasalimiana za asubuhi, siku ya kuzaliwa ya mtu tunakata keki, tunaambiwa sisi ni familia moja, halafu kila mmoja anarudi upande wake kumvizia mwenzake akosee. Kariakoo chuki ilining'inia mlangoni, unaiona, unainama, unapita. Pale sikujua pa kuinama. Nikajifunza kusema "mzigo uko njiani" mpaka ulimi ukazoea, na nyumbani nikamwambia mama kazi inaenda vizuri.

Majaribio yalipokaribia kwisha akaja mama mmoja kutoka Newala. Alikuwa amenunua vitenge na nguo za watoto Kariakoo, akatupa sisi tuvisafirishe, maana kwao msimu wa korosho ulikuwa umefika na huko watu hununua wakishalipwa, baada ya hapo basi. Mzigo ulikuwa haujafika. Alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi, mkoba mapajani. Dada alikuwa ameandika barua pepe kwa Mizigo tangu juzi na hawajajibu.

Mchana, nyuma ya plaiwudi, tukamsikia Mzee akiongea na dereva kwa simu. Gari la Newala limekufa Kibiti. Spea haijapatikana. Kila kitu kilisikika, si unajua plaiwudi.

Nikamtazama dada. "Si tumesikia wote?"

"Tumesikia," akasema, "lakini hatujaambiwa."

Akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole, "Tathmini yako naiandika wiki hii. Usijiharibie."

Hakuwa ananitisha. Nadhani alinionea huruma kweli. Nikakaa, nikawaza macho ya mama yangu, nikamtazama yule mama wa Newala, nikawaza tena macho ya mama. Hasira ikanipanda. Nikainuka, nikamwendea kwenye benchi.

"Mama, gari letu limeharibika, liko Kibiti. Ukipata gari lingine leo, mzigo wako unaweza kuhamishwa."

Akauliza aongee na nani. Nikamshika mkono, nikamvusha upande wa pili hadi mezani kwa Mzee. Mzee akaniuliza nani kaniruhusu, lakini yule mama alikuwa ameshampigia mpwa wake mwenye Fuso. Kabla ya magharibi vitenge vyake vilikuwa vimehamishwa, viko barabarani kuelekea kusini.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu niingie ofisi ile, Mzee alivuka kuja upande wetu. Alivuta kiti kwa dada. Wakanong'ona, wakaelewana, hata wakacheka kidogo. Halafu wakaniita, wakanieleza kwa zamu, huyu akiishia yule anapokea, kwamba sikufuata utaratibu na sitapewa mkataba. Barua yenyewe wote wawili walitia saini.

Magomeni nilimkuta mama uani na ungo mapajani, anachambua mchele kwa vidole. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye bima nikalia, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hao wawili sasa wanaongea?"

"Wanaongea, mama."

"Basi angalau umewapatanisha." Akacheka mpaka punje zikamwagika chini. Mimi sikuweza kucheka.

Aliponyamaza akanisogezea ungo. "Hebu nitazamie, mawe yameisha?"

Yalikuwa bado mengi. Nikakaa karibu yake nikaanza kuyatoa.