Siku Mama Aliposhika Usukani Ng'ambo ya Rusumo

Wiki iliyopita lori la pamba lilifunga breki ghafla mbele ya duka letu hapa Bariadi, na harufu ya breki na matairi yaliyoungua ikaingia mpaka ndani, ikatulia juu ya magunia ya mchele. Wateja waliendelea na mazungumzo yao. Mimi nilishika meza. Harufu ile hunirudisha kwenye mlima mmoja ulio mbali sana na Simiyu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mapaja yamegandana na nailoni ya kiti cha gari.

Gari lilikuwa la baba, kigari kidogo cheupe alichokinunua kikiwa kimeshatumika. Nailoni za viti hakuzitoa; alisema zikitoka gari litazeeka. Aliendesha polepole mno. Bodaboda zenye mizigo zilimpita, abiria wakamwamkia, "Mwadila, Baba Mbuke!" naye akapata muda wa kuitikia vizuri na kuulizia hali ya nyumbani kwao. Mbuke ndiye mimi. Kiti cha mbele kilikuwa changu. Mama alikaa nyuma siku zote na mdogo wangu Kwandu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kwandu alikuwa na miaka mitano, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufunikwa na utando mweupe. Tulishazunguka naye hospitali kadhaa. Ndipo sengi, yaani shangazi yangu aliyeolewa Kigali, akapiga simu: kuna daktari bingwa wa macho anapita huko kwa siku chache, amemwombea Kwandu nafasi, lakini asikose asubuhi ile, maana baada ya hapo daktari anaondoka. Kwandu alikuwa hawezi basi. Alitapika hata kabla halijatoka stendi. Baba akasema, "Gari nililinunua la nini?"

Hivyo ndivyo tulivyoamua kuvuka mpaka kwa gari letu wenyewe. Baba alihangaikia bima ya kuvukia, akamwita fundi aje kusikiliza injini, akaifua hata mikanda ya viti. Majirani walikuja kutuaga kana kwamba tunahama. Tulipita Maswa na Shinyanga, tukalala Kahama, na kesho yake, jua likiwa bado juu, tukafika Rusumo.

Nilitegemea mpaka uwe ukuta. Nikakuta malori yamepanga foleni ndefu, madereva wanapika chai kando ya matairi, na chini ya daraja maji yananguruma. Mtu wa forodha alikuwa kijana mpole. Alilizunguka gari letu, akasoma namba ya chesesi, akafungua buti. Ndani kulikuwa na zawadi za sengi: mchele, karanga, na mfuko wa michembe.

"Hivi ni nini?" akauliza, ameshika kipande kimoja juu ya mwanga.

"Viazi vitamu, baba," mama akamjibu. "Tunavikata, tunavianika. Onja."

Akaonja. Akatafuna muda mrefu, uso wake haukusema kitu, kisha akachukua kingine. Alipomrudishia baba karatasi zake alimwambia, "Mzee, kuanzia hapa ni kulia. Kwenu mnapita kushoto, huku kulia. Usisahau."

Baba akacheka. "Nitasahauje?"

Na kweli mwanzoni hakusahau. Aliendesha ameuma midomo, anajisemea chini chini, "Kulia, kulia." Milima ilikuwa imetuzunguka pande zote, mimi mtoto wa mbuga za pamba nisiyewahi kuona barabara ikipanda namna ile. Kisha Kwandu akasema anataka kukojoa. Tukasimama, mama akamshusha, wakarudi, milango ikafungwa. Baba akawasha gari, akaingia barabarani kama alivyozoea kuingia miaka yote.

Akaingia kushoto.

Hakuna aliyegundua. Ninakumbuka tulikuwa tunacheka, Kwandu alikuwa amesema kitu kuhusu mbuzi. Tukakata kona, na mbele yetu, upande wetu huohuo, lilikuwa lori la mafuta likishuka. Honi yake sikuisikia kama sauti, niliisikia kifuani. Baba alikanyaga breki na kukata usukani, gari likazunguka, likasimama pembeni, pua imeelekea korongoni. Lori lilipita karibu sana, upepo wake ukalitikisa gari. Halafu ile harufu.

Hatukuumia. Kwandu alianza kulia, nikajua yuko hai. Baba alijaribu kuwasha gari, likazimika. Akajaribu tena, likazimika. Mguu wake ulikuwa unaruka juu ya klachi, hauzuiliki. Akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayemtuliza ndama, lakini ukaendelea. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa hata fisi, alikuwa analia bila sauti.

Mama akashuka. Nilidhani anataka kutapika. Akazunguka mbele, akafungua mlango wa baba.

"Baba Mbuke, shuka. Kaa nyuma na mtoto."

Baba akamtazama. "Wewe si ulisema hutashika tena?"

"Nilisema."

"Na leseni?"

"Ninayo. Huwa naihuisha."

Baba akaachia usukani. Nikaona kwamba yeye naye ameshtuka, na hilo likanitisha kuliko lori. Mama alivua kandambili zake, akazisukuma chini ya kiti, akakaza kitenge kiunoni, akavuta kiti mbele na kurekebisha kioo. Mikono yake ilijua kila kitu kilipo. Ningemwona amepaa angani nisingeshangaa zaidi. Mama yangu, aliyepalilia pamba na kuuza vitumbua, mama aliyekaa nyuma! Alirudisha gari taratibu kutoka ukingoni, akasubiri, akaingia kulia.

"Mbuke," alisema bila kugeuka, "usukani wetu uko upande wa nje, sioni vizuri yanayokuja. Wewe uko upande wa katikati ya barabara. Uwe jicho langu. Niambie kila gari linalokuja."

Nikawa namwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma. Lori, mayu. Basi, mayu. Pikipiki, sasa hakuna. Sikuthubutu kutazama kwingine. Nyuma baba alimpakata Kwandu, na mara moja tu aliweka mkono begani kwa mama na kumshukuru, "Wabeja."

Tulifika kwa sengi jua linazama. Mama alizima injini, akafungua mlango, akatapika kwenye maua ya watu. Nikadhani ni ile milima.

Daktari alimwona Kwandu asubuhi, akamfanyia upasuaji, na jicho lile leo linatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kurudi, baba ndiye aliyeendesha, amejaa jasho, nasi sote tunamkumbusha upande. Mama alikaa nyuma.

Shuleni nilijisifu mpaka nikakaukiwa sauti. Nilimsihi mama aje kunichukua kwa gari siku moja tu, wenzangu wamwone. Alikataa. Nilinuna. Nilimwona mchoyo wa sifa ambazo zingekuwa zangu.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshapata leseni yangu, baba aliponieleza. Kabla hajaolewa, mama alikuwa dereva wa pikapu ya zahanati moja kule Mwamanyili, msichana pekee aliyeendesha gari kata nzima. Siku moja mtoto wa kiume alichomoka kwenye pamba akimfukuza mbuzi, breki za mama zikachelewa, na mtoto hakupona. Alikuwa na umri kama wa Kwandu wakati wa safari ile. Baba wa mtoto alikuwa shambani na aliona. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya watu na kusema binti huyu hana kosa. Mama alirudisha funguo jioni ileile. Kwa nini aliendelea kuihuisha leseni, baba alisema, hata yeye hajui, na hajamuuliza.

Mimi nilimwendea mama. Alikuwa uani anachambua mchele. Sikumuuliza habari ya Mwamanyili, nilishindwa. Nilimuuliza tu anakumbuka nini kuhusu safari ile ya Kigali, nikitegemea aseme lori, au milima, au jicho la Kwandu.

Aliendelea kuchambua. "Watoto," akasema. "Barabara ile ilikuwa na watoto wengi, Mbuke. Pembeni kabisa, upande wangu. Wametoka shule. Wengi, wengi mno."

Njia ile tuliipita wote wawili, bega kwa bega, kutoka mlimani mpaka mjini. Mimi sikumbuki mtoto hata mmoja.