Mchinjaji Mwenye Maneno Matamu

Mwenye bucha mtaani kwetu, tuliyempachika jina la Taratibu, hakuchinja ng'ombe bila kumkuna kwanza nyuma ya sikio. Kisu alikificha mgongoni, akambembeleza, "Tulia mpenzi, tulia mrembo wangu," mpaka mnyama anaanza kusinzia.

Akabandika tangazo mlangoni: "Nyama ya wanyama wasioteswa." Watu walilisoma, wakauliza bei, wakaenda zao bucha ya jirani. Taratibu aliwahubiria huruma hadi sauti ikamkauka. Wapi!

Mambo yaligeuka siku mkewe alipopandisha mori mbele ya wateja wawili watatu.

"Huruma gani hiyo? Tangu tuoane sijaitwa mrembo hata mara moja, ng'ombe anaitwa kila asubuhi!"

Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu, na habari ikazagaa mtaa mzima. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Mama mmoja alikuja amemkokota mumewe kwa mkono wa shati.

"Kaka, nipimie kilo ya huyo mrembo. Kule kwa jirani wanawapiga mateke, mimi nyama ya mateke sili tena. Na wewe, baba watoto, sikiliza watu wanavyobembelezwa!"

Jioni Taratibu alirudi nyumbani anatembea kama anacheza ngoma, amemchukulia mkewe kifurushi cha maini. Akakificha mgongoni, akamsogelea polepole, akamkuna nyuma ya sikio.

"Tulia mpenzi, tulia mrembo wangu..."

Mke akaruka hadi mlangoni. "Nionyeshe kwanza huo mkono mwingine!"