Njia ya Pili Inapita kwa Akina Fugate

Ukungu haujatoka bondeni, na Glenna Sizemore ameinama nyuma ya gari la kazi, vidole vimeshika uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Anaufuta kwa spiriti, anaukata ncha, anaulaza taratibu ndani ya kimashine kinachokaa mapajani. Hata kupumua anapumua kwa adabu.

"Dada, kahawa yako inapoa," Rodney Caudill, mwenzake wa kazi, anamwambia akiwa juu ya ngazi.

"Iache ipoe. Ukinichekesha sasa hivi, bonde zima litakosa simu."

"Na mama mkwe wangu naye atakosa?"

"Naye."

"Basi ngoja nikuchekeshe."

Kimashine kinatoa cheche, nyuzi mbili zinakuwa uzi mmoja. Glenna anatazama kioo cha mashine, anaitikia kwa kichwa kuridhika, anachukua uzi mwingine. Leo si siku ya kukosea.

Leo Turkeypen, bonde la wachimba makaa huku mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani, linapata njia ya pili ya mawasiliano. Wengine wataona ni jambo dogo. Mwulize Glenna, fundi wa mkongo, yaani kebo ya nyuzi hizi za kioo, katika ushirika wa simu wa bonde hili, mama wa miaka arobaini na sita, kwa nini ameililia njia hiyo miaka mitatu. Atakujibu kwa jina la mtu mmoja: baba yake.

Mzee Verlon Sizemore alichimba makaa miaka thelathini na moja, na vumbi la mgodini likabaki kifuani mwake. Siku hizi anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Umeme ukikatika hupiga simu, na watu humfikia na mtungi wa akiba. Simu za mkononi hazishiki mtandao hapa, milima imetubana kila upande. Kwa hiyo uhai wa mzee umetundikwa kwenye mkongo.

Na mkongo huo, tangu ulipowekwa, umekuwa ukiingia bondeni kwa njia moja tu. Unapita Daraja la Chini, unafuatana na mto hadi nyumba ya mwisho.

"Ni kama chupa," anasema Glenna. "Ziba shingo, umemaliza kazi."

Februari mwaka huu shingo ilizibwa. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mlima ukamomonyoka, ukafukia barabara, nguzo za umeme na mkongo kwa pamoja. Nyumba mia mbili na kitu zikawa kimya. Mzee Verlon aliinua simu yake. Betri ya kisanduku kinachoendesha simu umeme ukikatika ilikuwa nzima, lakini upande wa pili hapakuwa na kitu chochote. Jirani aliyekuja kumwuliza kama ana kuni ndiye aliyemkuta amelala sakafuni.

"Midomo ilikuwa ya bluu," anasema Glenna. "Kucha pia."

Anaufuta uzi ambao tayari ameshaufuta.

Dawa ya ugonjwa huo mafundi wa mtandao wanaijua siku nyingi: unaufanya mkongo uwe pete. Unaupandisha mlima, unaushusha upande wa pili, unauunganisha na laini ya wilaya jirani. Ukikatika huku, mawasiliano yanazunguka kule.

Ninamwuliza mawasiliano yanajuaje pa kupita. Anacheka, anaweka uzi chini.

"Unayajua mablanketi ya viraka ya bibi zetu? Shangazi huyu anashona kiraka chake nyumbani, na yule chake. Wanavituma, kila kimoja kina namba na anwani. Kimoja kitaletwa na posta, kingine na jirani anayepita. Njia hii ikifungwa, aliyebeba anazungukia ile. Bibi akivipokea anavipanga kwa namba. Kimepotea kimoja? Anaomba kingine. Ukisema 'halo' kwenye simu, sauti yako inakatwakatwa hivyohivyo, na huko mwisho inashonwa upya. Kwenye kila njia panda kuna ruta, nayo kazi yake ni kusoma anwani na kusema, wewe pita huku. Lakini ruta haifanyi miujiza. Kama njia ni moja na imekatika, itakuelekeza wapi?"

Pete hiyo ingekuwa imefungwa zamani, kabla ya maporomoko, kama si kosa moja. Nalo ni la Glenna mwenyewe, na halifichi.

Miaka mitatu iliyopita alipanda mlimani kupima njia, akichomeka vibendera vya rangi ya machungwa, ndivyo mafundi wanavyoonyesha mkongo utakapopita. Kipande cha mwisho kilikuwa shamba la Mzee Ova Fugate. Mzee alishakubali kwa mdomo. Glenna alikuwa na haraka, akakatiza kwenye uwazi wenye majani na mawe yaliyotawanyika.

Jamani! Mtu yeyote aliyekulia Turkeypen anajua kwamba wazee wetu hawakuwa na pesa za kuchonga majina. Walimzika mtoto, wakamwekea jiwe la mtoni kichwani na jingine miguuni, basi. Glenna analijua hilo tangu utotoni. Kuuliza si ujinga, lakini siku ile hakuuliza. Kibendera chake kimoja kilisimama juu ya kaburi la dada mdogo wa Mzee Ova.

Mzee aliving'oa vyote, akavirudisha ofisini kwa ushirika ndani ya ndoo. "Mwambieni binti Verlon amemchoma dada yangu kijiti," alisema, akaondoka na ruhusa yake.

Naye Verlon, kwa kumtetea mwanawe, akazidi kuharibu. Alimwambia Ova dukani, mbele za watu, kwamba mawe ni mawe tu. Wazee hao walikuwa wamechimba makaa zamu moja miaka mingi, wakila maharage na mkate wa mahindi katika giza lilelile. Tangu siku ile hawakusemeshana. Hapo hakuna ruta ya kusaidia.

"Ningeuliza siku ile," Glenna anasema, "baba asingelala sakafuni. Ninaamka nalo, ninalala nalo."

Baada ya maporomoko, ushirika ulitaka kumtumia Mzee Ova wakili. Glenna akakataa katakata. Akangoja Mei, Jumapili ile ambayo kila ukoo hupanda kwenye makaburi yake kufyeka na kuweka maua, kisha watu hula palepale. Akapanda kwa akina Fugate peke yake.

"Umekuja na vibendera?" Mzee Ova akamwuliza.

"Nimekuja na reki, mzee."

"Haya. Anzia pale kwenye miiba. Usijifanye mgonjwa."

Alifyeka tangu asubuhi. Mzee akamfuata nyuma na fimbo yake, akimwonyesha jiwe moja baada ya jingine, huyu nani, yule nani. Wakafika kwenye jiwe dogo. "Huyu ni Opal," mzee akasema. "Alikaa nasi wiki mbili tu. Mimi ndiye niliyembeba kumleta hapa."

Glenna akaangua kilio. Mzee akamtazama kidogo, akaenda, akarudi na sahani ya kuku.

"Kula kwanza. Kulia na njaa kunaumiza kichwa." Kisha, akiwa anatazama pembeni: "Nilisikia habari za Verlon. Sikulala vizuri. Huo waya wako hauwezi kupita kule juu, nyuma ya mierezi?"

Kule juu ni mbali zaidi, tena ni mwamba mtupu. Glenna akajibu bila kupepesa kwamba unaweza. Mzee akatoa sharti moja: kila Mei, yeye na reki yake.

Rodney analikumbuka jibu hilo vizuri, maana ndiye aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba kiangazi kizima. "Yeye alisema unaweza," ananiambia, "mgongo wangu ndio uliojibu."

Sasa ni adhuhuri. Uzi wa mwisho umeungwa. Rodney ameteremka Daraja la Chini na redio ya mkononi, akachomoe njia ya zamani kwa majaribio. Glenna amesimama barazani kwa Mzee Ova, ambako kuna simu mpya mezani. Baba yake ameagizwa apige saa sita na nusu. Glenna anakunja na kukunjua kitambaa cha spiriti.

"Nimechomoa!" sauti ya Rodney inakwaruza redioni. "Huku chini hakuna kitu!"

Mzee Ova anaitazama simu. Kuku wanapita uani.

Simu inalia. Mzee Ova, ambaye masikio yake yalibaki mgodini, anabonyeza kitufe cha spika.

"Glenna!" Ni Verlon, na nyuma yake mashine ya oksijeni inavuma. "Mnakata saa ngapi? Nina maharage jikoni, siwezi kukaa hapa kutwa nikiwangoja."

"Tumeshakata, Baba."

Mashine inavuma.

"Sasa ninakusikiaje?"

"Umepanda mlimani, Baba. Umepita kwa akina Fugate."

Glenna ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Ova yupo hapo?"

"Nipo," anasema Mzee Ova.

"Yale mawe, Ova. Nilisema vibaya."

"Ulisema vibaya sana."

"Ndiyo."

"Mei uje nikuonyeshe alipo Opal."

"Kwa mapafu haya? Nitafika nusu ya njia mnizike hukohuko."

"Nitakuja na trekta, mjinga wewe. Zima maharage yako, nasikia yanaungua."

Ninapomwuliza Glenna mpango wake baada ya hapa, hazungumzii mtandao hata kidogo. Anatafuta mtungi mdogo wa oksijeni, wa kubebwa mgongoni, utakaotosha kwenda na kurudi. Anataka pia reki ya pili, yenye mpini mfupi, ya kutumiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.