Koti Halitoshi

Karani wa duka la blanketi alibadilisha maneno ya ubao wa nje kila asubuhi, maana watu wa Eldoret hawasomi kitu kile kile mara mbili. Siasa hakuigusa, chama kilikuwa kimoja na chifu naye alipita akisoma. Maneno aliyasaka kwa wateja, chaki sikioni, akiuliza kila mmoja amelalaje.

“Kila siku unatuuliza sisi,” Mama Nangila, muuza mboga za sukuma, akamkatiza. “Wewe unajifunika nini?”

Karani akaishika chaki sikioni, asiitoe. “Koti hili, Mama.”

Kesho yake ubao ulisema: KOTI HALITOSHI. Watu walisoma, wakaingia. Kufikia saa saba blanketi zilikuwa zimeisha. Jioni karani akafunga duka, akalivaa koti lake, akashika njia ya nyumbani, Kiplombe.